Alichomwambia Jaji

Linnea si mtoto wangu wa kumzaa. Nilimkuta ana miaka minne, kwenye ofisi ya daktari wa meno, shavu limevimba, ameshika mkono wa mama yake na kunitazama kama mimi ndiye niliyemtia lile jino bovu. Mwaka uliofuata nikamwoa mama yake, Corinne. Linnea hakuniita baba. Baba alikuwa naye, Darrell, fundi umeme aliyeishi mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, na kila baada ya wiki mbili alikwenda kwake Ijumaa na kurudi Jumapili. Mimi aliniita Dell, kama walivyoniita wenzangu kikosini. Sikujali. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli, nikakaa naye hospitali alipovunjika kiwiko, na nilijua kwamba hali mayai mpaka yachanganywe na jibini. Nilidhani hayo yanatosha kumfanya mtu awe wako.

Nilikuwa sajini wa jeshi la anga, fundi wa injini za ndege, katika kambi moja huko Nebraska. Corinne alikuwa nesi wa shule. Amri ya uhamisho ilipotoka, mtoto wetu Hattie alikuwa ndio kwanza anakaribia miaka miwili, na Linnea ana kumi na mmoja. Amri ilisema Misawa, kaskazini mwa Japani, miaka mitatu, pamoja na familia.

Niliwaambia tukiwa mezani.

"Japani?" Linnea akaweka uma chini. "Japani yenyewe?"

"Kwani zipo ngapi?"

"Mama! Umesikia? Tunahamia Japani!" Akamnyanyua Hattie kutoka kwenye kiti chake na kuzunguka naye jikoni, viazi vinadondoka kila mahali, na Corinne akicheka huku anamkemea.

Kesho yake alirudi kutoka maktaba na kitabu kinene. Wiki haikuisha kabla hajaanza kumfundisha mdogo wake kuhesabu: ichi, ni, san. Hattie akifika san anajipigia makofi na kuanza upya. Mimi nilipojaribu, Linnea alijishika mbavu. "Dell, acha, tafadhali. Unaongea kama mtu aliyepaliwa na mwiba wa samaki."

Mtoto mdogo hapewi pasipoti bila saini za wazazi wote wawili. Jumapili iliyofuata, Darrell alipomrudisha Linnea, nilimngoja nje ya bwawa la kuogelea ambako mtoto alikuwa na mazoezi, nikampa ile fomu. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne.

"Siweki saini."

"Ni miaka mitatu tu, Darrell. Na kila kiangazi atakuja kwako."

"Usiniambie 'tu'." Sauti ilikuwa ya chini. "Nilishakubali kuwa baba wa wikiendi. Nikameza. Sasa mnataka niwe baba wa kwenye simu? Wewe na huyo mtoto wako mdogo, mtu akija na kalamu akwambie ni miaka mitatu tu, utaweka saini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikarudi kwenye gari nimeshindwa.

Corinne akatafuta wakili, tukapangiwa tarehe ya mahakama mwezi wa Septemba. Wakili alitueleza bila kuzunguka: jaji anaweza kukataa. Lakini jeshi linamruhusu askari kwenda peke yake, na akienda peke yake muda wake unapungua, unakuwa miaka miwili.

Jumamosi moja asubuhi, tukiwa chini kwenye chumba cha kufulia, Corinne akalisema wazi. "Jaji akikataa, mimi nitabaki na wasichana. Wewe utaenda, utamaliza, utarudi. Wangapi wamefanya hivyo?"

Ningeweza kusema sawa. Wenzangu kibao walikuwa wamefanya hivyo. Badala yake nikatupa shuka nililokuwa nakunja.

"Hattie atakuwa na miaka minne nikirudi. Ataniita mjomba."

"Dell, usifanye hivyo."

"Miaka saba nimemlea mtoto wa mwanaume mwingine, sijasema kitu. Leo kwa sababu yake ninanyimwa wa kwangu?"

Corinne alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Mimi nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia kwamba akibaki, asiwe na uhakika nikirudi tutakuwa bado mke na mume.

Niliomba msamaha siku ileile kabla ya chakula cha mchana. Nilimaanisha. Yeye naye akasema amesamehe, na tukakubaliana: tutaomba ruhusa ya kuondoka na Linnea, na jaji akikataa, Corinne atabaki. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Nataka hilo lieleweke, ingawa halinisaidii.

Siku ya mahakama, jaji, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimwita Linnea ofisini kwake wakazungumza wawili peke yao. Sisi tulikaa kwenye benchi la nje, Darrell upande ule, sisi upande huu. Dakika ishirini. Linnea akatoka, akaenda kunywa maji.

Tuliporudi ndani jaji akasema kwamba mtoto ameeleza kwa utulivu, na kwa sababu zake mwenyewe, kwamba angependa kuishi na baba yake. Kwamba mama akibaki Nebraska au akienda, hilo ndilo mtoto analolitaka. Kiangazi anaweza kumtembelea mama yake kwa wiki sita, na baba ataweka saini ya pasipoti kwa ajili hiyo.

Darrell alijifunika uso kwa mikono miwili. Corinne hakusogea.

Tuliingia garini, tukatoka mjini. Kisha Corinne, bila kugeuka nyuma, akauliza, "Kwa nini, mpenzi wangu?"

Linnea alikuwa anatazama mashamba ya mahindi. "Kwa Baba kuna timu nzuri ya kuogelea."

"Sawa," Corinne akasema. "Sawa."

Hakulia mbele yetu. Lakini tangu siku ile kitu kilimwondoka usoni. Siku ya tatu alinijia gereji akasema, "Sina tena sababu ya kubaki. Kama ataishi kwa Darrell, nibaki hapa nimlinde nani? Twende wote." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimkumbatia huku namwonea huruma, na chini ya huruma ile nilikuwa nafurahi.

Wafungaji mizigo walikuja Novemba. Linnea aliandika maboksi yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, "Darrell", ili yasichanganyike na yetu. Uwanja wa ndege Hattie alimng'ang'ania shingoni, ikabidi Linnea amtoe kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama kando ya baba yake akatupungia mkono huku anatabasamu. Alitabasamu mwanzo hadi mwisho, mpaka tulipopotea upande wa ukaguzi. Nilimshangaa. Hata nilimkasirikia kidogo, nikasema moyoni, kumbe watoto nao wana mioyo migumu.

Misawa ilitupokea na theluji. Tulipewa nyumba ghorofa ya sita ndani ya kambi, vyumba vitatu, na Corinne akaweka kitanda cha Linnea kwenye kile cha kona, akatandika shuka, akafunga mlango. Ndege zilipaa asubuhi mpaka vikombe vikalia kabatini. Hattie akajifunza kuziba masikio kabla ya kujifunza kuvaa viatu. Kila Jumapili saa mbili asubuhi, kwao ikiwa Jumamosi jioni, tulimpigia Linnea kwa video. Mwanzoni Hattie alibusu kioo cha simu. Baadaye akawa anapita tu na kusema "hai Nea," anakwenda zake na midoli.

Kiangazi Linnea akaja. Amekuwa mrefu, mabega ya muogeleaji, nywele zimekauka kwa dawa ya bwawa. Hattie alijificha nyuma ya miguu ya mama yake. Siku nzima hakumkubali. Nilimwona Linnea akiingia bafuni, akakaa humo muda mrefu huku maji yanatiririka. Siku ya tatu wakawa hawaachani tena, wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja.

Wiki zile sita zilikuwa nzuri. Tuliogelea ziwani, tulikula kome wa kuchoma kwenye matamasha ya mitaani. Nje ya geti la kambi kulikuwa na bibi mmoja muuza matofaa, Bi Kudo, ambaye mimi nilikuwa nanunua kwake kwa kuonyesha vidole. Linnea alizungumza naye kwa Kijapani cha kitabuni, wakacheka pamoja, na bibi akanigeukia na Kiingereza chake cha kuokoteza: "Msichana, mzuri sana. Wewe, bado."

"Umesikia, Dell? Bado!" Linnea akarudia njia nzima mpaka nyumbani. "Bado!"

Siku ya kuondoka Hattie aliamka na homa ya sikio, kwa hiyo Corinne akaagana na Linnea mlangoni, na mimi nikampeleka peke yangu, kwanza Tokyo kwa treni ya mwendo kasi. Tulikaa pamoja, yeye dirishani. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu jana yake.

"Umefurahi huku, au siyo?"

"Sana."

"Basi fikiria. Jaji anaweza kuombwa tena. Ukisema umebadili mawazo, mama yako atapaa mwenyewe bila ndege."

Hakucheka. Alikuwa anafungua karatasi ya kitonge cha wali, taratibu, kona moja baada ya nyingine.

"Dell, nikikwambia kitu, hutamwambia Mama?"

"Kitu gani?"

"Ahidi kwanza."

Nikaahidi. Mtu mzima mwenye akili angeuliza kwanza.

"Mimi sikutaka kuishi kwa Baba," akasema. "Nampenda. Lakini sikutaka."

"Sasa mbona ulimwambia jaji..."

"Niliwasikia. Siku ile mnafua nguo. Bomba la joto linatoka kule chini mpaka chumbani kwangu, kila mnachosema nasikia. Ulisema Mama akibaki na mimi, mtaachana. Na Hattie atakuita mjomba." Akauma wali kidogo, akatafuna, akameza. "Mimi wazazi wangu walishaachana. Nimezoea. Hattie hajazoea."

Nje mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita kwa kasi, na mbele yetu mzee mmoja anasoma gazeti. Nikajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Usilie bwana, watu wanatazama," akaninong'oneza. "Na usimwambie Mama. Ameshafika huku. Atajisikia vibaya bure."

Kule uwanja wa ndege dada mmoja wa shirika la ndege alimvika shingoni kadi ya watoto wanaosafiri peke yao na kumchukua. Linnea aligeuka mara moja.

Nilirudi Misawa na siri ile. Nilijiambia nimeahidi, na ahadi kwa mtoto ni ahadi. Ukweli ni kwamba nilijua Corinne akisikia tu ataondoka, na mwenye kosa ni mimi. Kwa hiyo nikanyamaza wiki, kisha mwezi, na kunyamaza kukawa rahisi kiasi cha kunitisha.

Mwaka wa pili Linnea alianza kukosa simu za Jumapili. Mara ana mashindano, mara ana rafiki. Mwezi wa Mei akasema kiangazi hatakuja, timu inakwenda kambi ya mazoezi na yeye amechaguliwa. Corinne alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine.

"Wiki sita nzima, Linnea? Hata moja huna?"

"Nimechaguliwa, Mama."

"Basi kaa hukohuko. Wewe ulishachagua zamani nani ni nani kwako."

Kwenye kioo Linnea alinitafuta kwa macho nyuma ya bega la mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha kahawa. Alinitazama kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha akasema, "Sawa, Mama." Simu ikakatika.

Nilikuwa na nafasi pale. Nilikuwa na mdomo. Nilikunywa kahawa.

Ikaja Januari. Jirani yetu alikuwa anatarajia shangazi wa watoto wake, na Corinne akaamua kuwapa kile kitanda cha chumba cha kona. "Hakilaliwi," alisema. Akaniita nishike upande mmoja huku yeye anafungua skrubu. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha. Alifanya kazi ile kwa haraka, kwa hasira, kama anayeondoa kitu kinachonuka.

"Unajua kinachoniuma?" akasema, bado ameinama. "Siyo kwamba alimchagua yeye. Ni kwamba sijui nilimkosea nini."

Hapo nikashindwa. Nikiwa nimeshika mbao za kitanda, nilimwambia yote: bomba la joto, treni, maneno ya mtoto kama alivyoyasema.

Corinne alikaa sakafuni taratibu, mgongo ukutani, bisibisi mkononi.

"Alikwambia lini?"

"Alipokuja."

"Agosti ya mwaka ule?" Akahesabu kimya, midomo inacheza. "Miezi kumi na saba. Miezi kumi na saba nimekupikia, umenitazama. Uliniacha nikamsema vile kwenye simu. Ulikuwa umesimama pale, Dell. Ulikuwa umesimama palepale!"

"Alinifanya niahidi."

"Alikuwa na miaka kumi na miwili!" Ndiyo mara pekee niliyosikia mke wangu akipiga kelele. "Wewe una mingapi?"

Hattie alikuja mlangoni kuuliza nani kaanguka.

Baada ya wiki tatu waliondoka, yeye na Hattie. Corinne alipanga nyumba kwenye mji wa Darrell, barabara tatu kutoka kwao. Siku aliyofika alimfuata Linnea bwawani, na haya yaliyofuata alinieleza mwenyewe kwenye simu, sauti imekauka. Alimsubiri mpaka akatoka majini, akamkumbatia hivyohivyo alivyolowa, akamwambia anajua kila kitu, anaomba msamaha, arudi nyumbani.

Linnea alimwacha akumbatie. Akampigapiga mgongoni. "Sina hasira na wewe, Mama," alisema. "Lakini nyumbani ni kwa Baba sasa. Chumba changu kiko kule, marafiki wako kule. Unaweza kunichukua Jumatano, Jumatano sina mazoezi."

"Alikuwa na adabu sana," Corinne aliniambia. "Angenitukana ningejua pa kushika."

Nilimaliza miezi kumi iliyobaki peke yangu, katika nyumba ya vyumba vitatu. Niliporudi Nebraska Corinne alinipokea kibarazani, akanipa chai, tukazungumza saa nzima bila kugombana, na mwisho akasema hawezi. Kila nikimshika mkono, alisema, anaiona ile kahawa. Tuliachana majira ya kuchipua. Hattie alikuwa na miaka sita. Mwalimu wake aliniambia anaendelea vizuri, amezoea haraka kuliko watoto wengi, na mimi nikatoka nje ya ile shule nikaenda kukaa ndani ya gari.

Jeshi lilitaka kunihamisha tena, nikaacha kazi. Sasa natengeneza matrekta mji wa jirani, na Hattie huja kwangu kila baada ya wiki mbili. Corinne hupata Jumatano zake na nusu ya sikukuu, na anashukuru kwa hizo. Wanakwenda kula, wanazungumza mambo ya shule. Bado anatumaini. Mimi huwa simuulizi.

Linnea ana miaka kumi na saba, na ndiye anayemleta Hattie Ijumaa, kwa gari lake dogo la buluu. Kawaida hashuki. Mwezi uliopita alishuka, kwa sababu Hattie alikuwa amesahau koti kiti cha nyuma. Tukajikuta tumesimama wawili kwenye changarawe. Nilimwambia nilichokuwa nimekibeba miaka yote: kwamba lile nililosema kwenye chumba cha kufulia lilikuwa hasira tu, kwamba nisingewaacha kamwe, na kwamba mzigo ule haukuwa wake kuubeba.

"Najua," akasema. Alikuwa anasokota funguo kidoleni. "Unajua kitu gani nilikuwa nawaza siku ile kwa jaji? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Dell. Nilidhani mmoja wenu atajua nadanganya. Timu ya kuogelea? Nilikuwa na kile kitabu cha Kijapani chini ya mto. Tukiwa kwenye gari nilikuwa nangoja. Nilingoja mpaka uwanja wa ndege."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. Kisha akanipa lile koti, akaingia garini na kufunga mkanda.

Nilibaki pale nimeshika koti mpaka vumbi la gari lake likatulia barabarani, na Hattie akaanza kugonga dirisha la jikoni kwa ndani, ana njaa, anauliza tunakula nini.